Ujerumani au Uholanzi: mtu wa kawaida anaishi vizuri wapi?

Mkaa Mpakani

Wakuu, salaam.

Kila ripoti ya furaha duniani ikitoka, magrupu yetu ya WhatsApp yanawaka moto. Ya mwaka 2025 iliiweka Uholanzi nafasi ya 5 na Ujerumani ya 22, na ndugu zetu wa Amsterdam wakatutambia wiki nzima. Mimi nimekaa Duisburg, Ujerumani, sasa nakaa Nijmegen, Uholanzi, kwa hiyo nina haki ya kuhoji pande zote mbili. Nchi zinapakana, pesa ni ile ile, Lidl na Aldi ni zile zile, mvua ndiyo hata usiseme. Hizo nafasi kumi na saba zimetokea wapi?

Na kama Uholanzi ni pepo kiasi hicho, nendeni Kranenburg mkaone. Ni kamji ka Ujerumani, ukitoka Nijmegen unafika kwa baiskeli kabla jasho halijakauka. Pita mitaa mipya ya pale usome majina kwenye masanduku ya barua: Mholanzi, Mholanzi, Mholanzi. Asubuhi wanavuka kwenda kazini Nijmegen, jioni wanarudi kulala Ujerumani. Hawakufuata bia wale. Wamefuata nyumba.

Na hiyo ndiyo hoja yangu. Watu wanalinganisha mishahara, hospitali, treni. Yote yapo, lakini kinachoamua ni nyumba. Aliyeshika nyumba Uholanzi anaishi raha kuliko Mjerumani wa kipato kile kile. Asiye nayo, Uholanzi itamhangaisha, na Ujerumani itamstiri.

Nianze na huku niliko. Serikali yenyewe imekuwa ikikadiria upungufu wa nyumba unaozunguka laki nne. Zipo nyumba za mashirika ya nyumba, wanaziita woningcorporatie, zaidi ya robo ya nyumba zote nchini, na pango lake linabebeka. Tatizo ni foleni. Amsterdam foleni inapita miaka kumi. Wenyeji wanajua mchezo: kijana akitimiza miaka 18 anajiandikisha, hata kama bado anakula kwa mama yake na hana mpango wa kuhama. Sisi tunatua tukiwa na miaka thelathini na mabegi mawili, tunaanza sifuri. Unabaki na soko huria, ambako mwenye nyumba anataka mshahara wako uwe mara tatu ya pango, na ajira iwe ya kudumu. Julai 2024 zilianza kutumika sheria mbili kwa mpigo, moja ya kubana pango, nyingine ya kuzuia mikataba ya muda mfupi. Nia nzuri kabisa. Wenye nyumba wengi wakapiga hesabu, wakaona bora wauze.

Ujerumani zaidi ya nusu ya watu ni wapangaji, na kupanga si aibu. Mkataba wa kawaida hauna tarehe ya mwisho. Mwenye nyumba hawezi kuamka tu akakwambia toka. Lazima awe na sababu inayokubalika kisheria, mfano anaihitaji kwa mtoto wake, na hata hapo anakupa notisi ya miezi mitatu. Ukiwa umekaa zaidi ya miaka mitano inakuwa sita, ukipita minane inakuwa tisa. Amana haizidi pango la miezi mitatu na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu. Mtu aliyepanga Sinza na kulipa mwaka mzima mbele atanielewa.

Ila Mjerumani ana kioja chake. Siku nafunguliwa mlango wa nyumba yangu Duisburg, jikoni hapakuwa na jiko. Nilikuta vigae nusu ukuta, mabomba mawili yamezibwa kwa vifuniko vya plastiki, na waya nene wa umeme umechomoza ukutani umefungwa kifuniko. Sinki hakuna, kabati hakuna, hata taa ya dari imeondoka. Mpangaji aliyetoka kabeba vyote, na kwa mila za kule hana kosa. Nilipohamia Nijmegen nikakuta jiko lipo, linang'aa, ila sakafu ni zege tupu sebuleni mpaka chumbani. Huku aliyetoka ndiye anang'oa sakafu yake. Kwa hiyo bajeti ya kuhama ukiwa Ujerumani weka jiko, ukiwa Uholanzi weka sakafu.

Kununua sasa, ndipo Uholanzi inapomwacha Mjerumani mbali. Huku benki inaweza kukukopesha thamani yote ya nyumba, riba ya mkopo unapunguziwa kwenye kodi ya mapato, na mnunuzi wa kwanza aliye chini ya miaka 35 halipi kodi ya uhamisho kama bei haijapita kikomo. Ujerumani, jimbo la Nordrhein-Westfalen peke yake linachukua 6.5% ya bei kama kodi ya uhamisho, ongeza mthibitishaji wa mikataba, ongeza dalali, unakuta zaidi ya 10% ya bei inaondoka na lazima uwe nayo mkononi. Ndiyo maana karibu Waholanzi saba kwa kumi wanaishi kwenye nyumba zao, na Wajerumani hawafiki nusu. Ukiwauliza hao saba kama wana furaha, watakwambia nini?

Nawasilisha. Karibuni mnipinge, ila mje na hoja, si "binamu yangu kasema".

Dogo Tandale

Naweka mkeka hapa hapa. Kaka, ya nyumba tumekusikia, mshahara je? Mtu wa kubeba maboksi ghalani anaondoka na ngapi? Taja kwa yuro, kubadilisha tutabadilisha wenyewe.

Mkaa Mpakani

Kwa saa, Uholanzi iko juu. Kima cha chini Januari 2025 kilikuwa yuro 14.06, Julai kikapanda hadi 14.40. Ujerumani mwaka huo ilikuwa 12.82, na Januari 2026 ikafika 13.90. Na kumbuka Ujerumani haikuwa na kima cha chini cha taifa zima hadi 2015, walipoanza na 8.50.

Lakini usianze kuzidisha, mdogo wangu. Ghala nyingi za huku zinachukua watu kupitia wakala, na wakala huyo huyo ndiye anakupa kitanda. Anakata pango la kitanda, anakata bima, anakata nauli ya gari linalowapeleka zamu. Wiki mzigo ukipungua, saa zako zinapungua, makato yako palepale. Nimelala kwenye nyumba ya aina hiyo: friji moja, kila rafu ina jina la mtu kwenye utepe wa gundi, na mayai yameandikwa kwa kalamu moja moja. Siku kazi inaisha, na kitanda kimeisha. Unaona tumerudi wapi?

Mzee wa Altona

Wanangu hamjambo. Niko Hamburg tangu enzi za marki, kabla ya hiyo yuro yenu, na mwenye uzi nampinga nusu.

Unasema Ujerumani inamstiri mpangaji. Inamstiri aliyekwisha kuingia. Njoo utafute leo Hamburg au München. Tangazo la vyumba viwili Altona likitoka asubuhi, saa sita mchana limeshafutwa kwa sababu barua pepe zimejaa. Watakudai karatasi tatu za mshahara, ripoti ya Schufa ya madeni yako, na barua ya mwenye nyumba wa zamani kwamba hudaiwi. Wewe ndiyo kwanza umeshuka uwanja wa ndege wa Fuhlsbüttel, mwenye nyumba wa zamani ni baba mdogo wako Ubungo. Breki ya pango, sheria ya kuzuia pango lisipande kupita kiasi, ipo tangu 2015, na wenye nyumba wameshajua kuikwepa: wanaweka kochi na meza, wanaita nyumba yenye samani.

Pili, hizo nafasi kumi na saba mimi najua zilikopotelea. Zimepotelea kwenye barua. Mjerumani anaishi kwa barua. Barua ya bima, barua ya manispaa, barua ya redio na televisheni inayokudai yuro 18.36 kila mwezi hata kama huna televisheni. Binti yangu anaishi Utrecht, mambo yote ya serikali anayamaliza kwenye simu kwa DigiD, kitambulisho cha mtandaoni, akiwa amelala. Mimi mpaka leo nina kabati la mafaili.

Na treni. Mwaka 2024 treni za masafa marefu zilizochelewa zilikuwa zaidi ya theluthi moja, na hapo wenyewe hawahesabu kuchelewa hadi zifike dakika sita. Nitawatetea kwa kitu kimoja tu: Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa yuro 49, ikawa 58, tangu Januari 2026 ni 63, na unapanda treni zote za mikoa, mabasi na treni za mjini nchi nzima. Uholanzi treni zinafika kwa wakati lakini nauli inakula mfuko, kila kilomita ina bei yake.

Halafu vijana wa KKKT, sikieni neno la mzee. Ukienda kujiandikisha manispaa utaulizwa dini. Wengi wanaandika "evangelisch" kwa fahari, mwisho wa mwezi wanapiga kelele. Umeshaingia kwenye kodi ya kanisa: 9% ya kodi yako ya mapato, majimbo ya Bayern na Baden-Württemberg ni 8%. Sikwambii uikane imani yako. Mimi nalipa, na kanisa letu lilinizikia mke wangu kwa heshima. Lakini jua unachotia sahihi.

Mkaa Mpakani

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa mama.

München na Hamburg nakuachia. Ila angalia ukubwa wa nchi. Mjerumani akishindwa München ana Leipzig, ana Chemnitz, ana Duisburg, ana Gelsenkirchen, miji yenye tramu, chuo na hospitali, na nyumba zipo. Mholanzi akishindwa Amsterdam anakimbilia Almere, Almere imejaa, anakwenda Arnhem, imejaa, mwishowe anavuka mpaka. Hana Leipzig yake. Groningen mbali kabisa kaskazini, wanafunzi wamewahi kulala kwenye mahema.

Nesi wa Köln

Hamjambo wote. Naona watu wa Bongo mmejaa, wacha Mkenya mmoja apitie. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nitaongea ya hospitali, ya nyumba nimewaachia.

Ujerumani bima ya umma inakatwa kulingana na mshahara: 14.6% na nyongeza kidogo juu yake, nusu yako, nusu ya mwajiri. Mume akiwa hana kazi, anaingia kwenye bima yako bure, na watoto vilevile. Uholanzi kila mtu mzima ana bili yake, zaidi ya yuro 150 kwa mwezi, awe na mshahara mnono au mwembamba, ingawa wa kipato kidogo wanarudishiwa sehemu na serikali. Watoto hadi miaka 18 ni bure. Halafu kuna ile 385 ya kwanza kila mwaka ambayo ni ya mfuko wako kabla bima haijagusa kitu. Kumuona daktari wa familia hakuhesabiwi humo, lakini vipimo vya damu vinahesabiwa. Kwa familia ya mshahara mmoja, Ujerumani ni nafuu. Kwa wawili wanaofanya kazi na hawaugui, Uholanzi.

Watu wanacheka daktari wa Uholanzi na parasetamoli zake. Mimi kama muuguzi simcheki sana. Kule daktari wa familia ndiye mlango, bila yeye hufiki kwa bingwa. Huku Köln unaweza kumpigia bingwa wa ngozi moja kwa moja, akuambie nafasi ni baada ya miezi minne. Mwenye bima binafsi akipiga baada yako, anaitwa wiki ijayo. Hiyo inaniuma kila siku, na naiona nikiwa upande wa ndani.

Ukiugua sana ndipo mfumo unaonekana. Ujerumani mwajiri analipa mshahara kamili wiki sita, halafu bima inachukua kwa kiwango kilicho chini ya mshahara. Uholanzi mwajiri anabeba miaka miwili, angalau 70%. Miaka miwili! Mwenzangu aliumia mgongo akimgeuza mgonjwa. Angekuwa Uholanzi angepumua.

Na kwa Wakenya wenzangu mnaonitumia ujumbe usiku: mkataba wa uhamiaji wa Kenya na Ujerumani ulitiwa sahihi Berlin Septemba 2024, ndiyo. Ile habari ya kazi 250,000 serikali ya Ujerumani yenyewe iliikana. Hakuna basi linalowasubiri. Kuna Kijerumani hadi kiwango cha B2, kuna cheti chako kupimwa upya, na kuna kumwambia bibi wa miaka tisini saa kumi na moja alfajiri, kwa lafudhi yake ya Köln, kwamba hapana, leo si Jumapili.

Mama Wawili

Dada Nesi umenikosha. Mimi niko Rotterdam, wa kwanza nilimzalia Dortmund, wa pili huku, kwa hiyo nimeonja vyote.

Ujerumani mkunga anakuja nyumbani baada ya kujifungua, anampima mtoto, anaangalia mshono, anaondoka. Hadi wiki kumi na mbili bima inalipa. Ni vizuri sana. Lakini Uholanzi kuna kraamzorg, mhudumu wa uzazi anayekuja nyumbani, na hicho kitu mtu asipokiona hataamini. Kabla hujajifungua wanakuambia inua kitanda kwa vitalu mpaka kifike kiunoni kwa mtu aliyesimama, ili mhudumu asiumie mgongo anapokuhudumia. Mume wangu alikwenda kuvichukua vitalu huku ananung'unika. Mtoto alipofika, akaja mama mmoja wa makamo na sare yake. Siku nane mfululizo alikuja. Alinipima joto, alinifundisha kunyonyesha upya kama vile sikuwahi, alimshika mume wangu mkono akamwonyesha kumwogesha mtoto, akasafisha choo, akakunja nguo za yule mkubwa, akawapokea wageni kwa vile vikate vikavu vyenye siagi na punje za sukari za pinki juu. Mama yangu alinyimwa viza asije kunilea uzazi. Huyu mama nililia siku anaondoka.

Sasa upande wa pili. Likizo ya uzazi huku ni wiki 16 basi, kuna wiki chache za nyongeza kwa 70%. Ujerumani kuna Elterngeld, posho ya wazazi, mnagawana hadi miezi 14 kati ya baba na mama, karibu theluthi mbili ya mshahara unaoingia mkononi, kikomo yuro 1,800 kwa mwezi. Ukirudi kazini Rotterdam, kituo cha kulelea watoto bei yake inakaribia mshahara wa mtu. Serikali inarudisha sehemu, lakini sisi wenye majina ya kigeni tunajaza fomu zile mikono inatetemeka. Mnakumbuka Januari 2021 serikali ya waziri mkuu Rutte ilijiuzulu? Mamlaka ya kodi iliwashtaki maelfu ya wazazi kwamba wameiba ruzuku ya malezi, wengi wao wenye asili ya nje, wakadaiwa makumi ya maelfu ya yuro. Watu walipoteza nyumba, wengine watoto walichukuliwa. Kosa dogo la fomu. Kwa hiyo mtu akisema Uholanzi karatasi ni rahisi, ni rahisi mpaka siku kompyuta ikutilie shaka.

Watoto wenyewe wana raha, hilo sibishani. UNICEF iliiweka Uholanzi ya kwanza kwa ustawi wa watoto 2020, ikairudisha hapo hapo 2025. Wangu ana miaka minane, anakwenda shule kwa baiskeli na wenzake, mimi niko dirishani roho mkononi. Ila kuweni macho na kitu kimoja, nchi zote mbili: mtoto anachujwa mapema. Ujerumani majimbo mengi ni baada ya darasa la nne, Uholanzi akiwa na miaka kama 12. Mwalimu akipendekeza njia ya ufundi kwa sababu tu lugha bado, usikubali kimya kimya. Omba mkutano, nenda na mtu anayejua lugha.

Nesi wa Köln

Mama Wawili, Berlin watoto wote wanakaa Kita, yaani chekechea, bila ada tangu 2018. Köln tunalipa, na nafasi yenyewe unaitafuta tumbo likiwa bado dogo. Sheria inakupa haki ya nafasi mtoto akifikisha mwaka, haki ipo, walezi hawapo.

Mtoto wa Uvira

Bandugu, mimi niko Enschede, na rafiki yangu tuliyetoka naye kambi moja ya wakimbizi yuko Gronau, ng'ambo tu ya mpaka. Tuna watoto rika moja. Nitaongea lugha na upweke.

Huku ukianza sentensi ya Kiholanzi, mtu anakujibu Kiingereza. Wanadhani wanakusaidia. Miaka inakwenda, unafanya kazi, unacheka na watu, na bado huelewi wanachosema kwenye kikao cha wazazi. Rafiki yangu Gronau mwaka wa kwanza alilia: ofisini Kijerumani, posta Kijerumani, ukiuliza kwa Kiingereza wanakutazama tu. Leo anagombana na jirani yake kwa Kijerumani kuhusu mapipa ya taka, na jirani huyo huyo ndiye anamwachia ufunguo akisafiri. Mimi majirani zangu wana tabasamu zuri sana na kalenda. Kunywa chai na mtu ni miadi ya wiki tatu mbele, na saa kumi na mbili jioni uwe umeondoka kwa sababu wanakula, na hawakupikia wewe.

Siasa msinidanganye, kote kumechacha. Chama cha Wilders kinachopinga wahamiaji kilipata viti 37 vya bunge kati ya 150 mwaka 2023, na AfD, chama cha namna hiyo cha Ujerumani, ilipata 20.8% ya kura Februari 2025. Ubaguzi wa Mholanzi unakuja na utani, wa Mjerumani unakuja na kanuni. Chagua sumu yako.

Chakula Uholanzi mbele, asante kwa watu wa Suriname. Muhogo, ndizi za kupika, pilipili, samaki wa chumvi, vyote sokoni. Gronau rafiki yangu anasonga ugali wa ngano ile ya semolina, halafu anauita ugali.

Dogo Tandale

Semolina wanasonga watu wazima na akili zao?? 😂

Kaka Mkaa, mimi nimepata akili. Natafuta kazi Uholanzi kwenye hizo 14.40, napanga Kranenburg kwenye nyumba za bei poa. Nimekosea wapi?

Karani wa Leiden

Umekosea kwenye pasipoti, mdogo wangu. Wale Waholanzi wa Kranenburg ni raia wa Umoja wa Ulaya, wanalala watakapo. Kodi wanalipa walikoajiriwa na bima inafuata kazi. Kibali chako cha ukaazi cha Uholanzi ni cha kukaa Uholanzi. Ukihamisha kitanda Ujerumani umekivunja mwenyewe. Baada ya miaka mitano ya ukaazi halali unaweza kuomba hadhi ya mkaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya, hiyo inakufungulia mlango wa kuomba nchi nyingine, lakini bado ni kuomba.

Kwa hiyo hoja ya mwenye uzi ni kweli, ila kwetu inauma zaidi. Mholanzi akikosa nyumba ana mlango wa nyuma. Sisi hatuna.

Uraia nao uko hivi. Ujerumani tangu 27 Juni 2024 unaomba baada ya miaka mitano badala ya minane, na hawakulazimishi kuacha uraia wa zamani. Uholanzi pia ni mitano, lakini kwa kawaida wanakutaka uuache wa kwenu, isipokuwa uwe na sababu kama ndoa na Mholanzi. Mkenya aliye Ujerumani anabaki na vyote viwili, katiba yao ya 2010 inaruhusu. Mtanzania popote alipo anapoteza kwa sheria ya nyumbani, mtu mzima haruhusiwi uraia pacha. Hapo tusimlaumu Mzungu.

Binti Pwani

Asalaam aleykum. Mimi niko Mombasa, nataka kusomea shahada ya pili. Nimeona Leiden wanafundisha Kiswahili na Bayreuth kuna kongamano la Kiswahili kila mwaka, lakini nataka mambo ya takwimu. Wapi pana unafuu?

Karani wa Leiden

Waaleykum salaam, dada. Ada pekee: Ujerumani, hakuna mjadala. Vyuo vya umma vingi havitozi ada ya masomo, unalipa mchango wa muhula tu. Ila Baden-Württemberg inatoza wa nje ya Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na chuo kikuu cha ufundi cha München nacho kimeanza kutoza. Kabla ya viza lazima uonyeshe akaunti iliyofungwa, tangu Septemba 2024 ni yuro 11,904 kwa mwaka, unatolewa 992 kila mwezi. Uholanzi mwanafunzi wa nje ya Ulaya analipa ada inayopita elfu kumi kwa mwaka, mara nyingi zaidi ya hapo.

Ukimaliza, Ujerumani inakupa miezi 18 kutafuta kazi, Uholanzi 12. Kwa takwimu, Amsterdam na Utrecht utapata kazi kwa Kiingereza haraka, na mwajiri akikupatia ile nafuu ya kodi ya wataalamu wa kigeni, ambapo sehemu ya mshahara haitozwi kodi, miaka ya mwanzo mshahara unaonekana. Hata leseni ya udereva ya Kenya unabadilishiwa kwa hiyo nafuu. Ujerumani utafanya mitihani ya udereva upya, wa nadharia na wa vitendo.

Na chumba: vyuo vya huku vyenyewe vimewahi kuwaandikia wanafunzi wa nje kwamba kama hujapata chumba hadi mwezi fulani, usije. Tafuta chumba siku ile ile unapotuma maombi, na usimtumie mtu amana kabla hujaona chumba kwa macho au kwa mtu unayemjua. Matapeli wa vyumba wamejaa kila Agosti.

Dogo Tandale

Swali la mwisho nisiwachoshe. Mtu akifanya kazi miaka kadhaa akaamua kurudi nyumbani, hela ya uzeeni inakuwaje?

Mzee wa Altona

Hilo niachieni. Ujerumani, wewe Mtanzania ukichangia chini ya miezi 60 halafu ukaondoka Umoja wa Ulaya, ukingoja miezi 24 unaweza kuomba urudishiwe michango yako. Yako tu, ya mwajiri hairudi. Ukishafikisha miezi 60 unapata haki ya pensheni ya uzeeni, na unalipwa hata ukiwa Moshi. Kwa hiyo mwenye miezi 55 akae chini apige hesabu kabla ya kukata tiketi. Uholanzi hawarudishi kitu: kila mwaka unaokaa kule unajijengea 2% ya pensheni ya taifa ya AOW, ufanye kazi usifanye, na utaidai ukifikia umri.

Tunza namba yako ya bima ya jamii na karatasi za mshahara za kila mwaka. Nimeshaandikia barua vijana wengi waliotupa kila kitu siku ya kufunga mabegi, halafu wananipigia kutoka Mwanza saa nane za usiku.

Mkaa Mpakani

Mzee, hii ya pensheni ifungulie uzi wake, na uweke na barua ya mfano ya Kijerumani. Karani, ukipata muda fafanua ile nafuu ya kodi, maana nasikia 2027 inashuka kutoka 30% hadi 27%.

Karani wa Leiden

Ni kweli, inashuka kuwa 27%, na kiwango cha mshahara wa kustahili kinapanda. Nitaandika wikiendi.